Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kusoma na Kuhesabu Hakulingani Nchi na Nchi

Barua nilizopokea tangu toleo lililopita zimegusa jambo moja, ingawa walioziandika hawafahamiani: mmoja anapandisha mizigo ya wageni mlimani, mmoja anamtunza bibi yake, mmoja anafundisha umasaini na mmoja analea mtoto wa darasa la pili. Nimeziweka pamoja na kuzijibu kwa mfuatano, kwa sababu jibu la barua moja linaifungulia njia barua inayofuata.

Kutoka Majengo, Moshi

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpagazi, napanda na wageni kwa njia ya Machame. Msimu uliopita tulipokuwa kambini jioni, mgeni mmoja kutoka Marekani, ambaye kwao ni mwalimu, aliniambia kwamba nchini kwake watu wazima wengi hawasomi vizuri, na wengine hesabu za kawaida zinawashinda. Sikumwamini. Nchi iliyopeleka watu mwezini itashindwaje kuwafundisha watu wake kusoma? Na kama wao wana shida hiyo, sisi tuko wapi? Je, ni kweli kwamba yapo mataifa yaliyojaliwa akili ya kusoma na hesabu, na mengine hayakujaliwa?*

Marahaba, mwanangu. Mgeni wako hakukudanganya. Ila kwanza tukubaliane tunamaanisha nini tunaposema kwamba mtu anajua kusoma, kwa kuwa hapo ndipo mazungumzo mengi ya namna hii yanapopotea njia.

Karani wa sensa akibisha hodi nyumbani kwenu, huuliza kama fulani anajua kusoma na kuandika, iwe kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa lugha nyingine. Mkuu wa kaya hujibu, karani huandika, na wote wawili husogea kwenye swali linalofuata. Hakuna anayepewa karatasi aisome. Kwa kipimo hicho nchi tajiri hazina tatizo, maana karibu kila aliyepita shuleni atajibu ndiyo. Kipo kipimo cha pili, ambacho mtu hukalishwa chini na kupewa maandishi na takwimu za maisha ya kila siku, kama maelezo ya dawa, tangazo la kazi, ratiba au jedwali la bei, kisha akaulizwa maswali ambayo hawezi kuyajibu pasipo kusoma na kufikiri. Uchunguzi mkubwa wa namna hiyo hufanywa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, kwa watu wenye umri wa miaka 16 hadi 65, na matokeo yake ya karibuni yalitolewa Desemba 2024 yakihusu nchi na maeneo 31. Kwa wastani wa nchi za shirika hilo, karibu mtu mzima 1 kati ya 4 aliishia ngazi ya kwanza au chini yake katika kusoma. Mtu wa ngazi hiyo anaweza kusoma maandishi mafupi na kuokota habari iliyo wazi, lakini akipewa kurasa kadhaa zenye mambo ya kulinganisha, hukwama. Marekani ilikuwa na asilimia 28 ya watu wa aina hiyo katika kusoma, na asilimia 34 katika hesabu. Japani ilikuwa na takribani mtu 1 kati ya 10 katika kusoma, na Chile ilikuwa na zaidi ya nusu.

Sasa nije kwenye swali la akili, ambalo nalijibu bila kusita: hapana, hakuna taifa lililonyimwa. Uchunguzi huohuo ulipofanywa kwa mara ya kwanza na matokeo yake kutolewa mwaka 2013, Korea Kusini ilionyesha jambo ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua. Wakorea wa miaka 55 hadi 65 walikuwa miongoni mwa walioshika mkia katika rika lao, ilhali vijana wao wa miaka 16 hadi 24 walikuwa miongoni mwa walioongoza katika rika lao. Hao ni babu na wajukuu, watu wa damu moja. Kilichowatenganisha ni shule ambazo babu hakuzipata na mjukuu akazipata. Uingereza ilionyesha kinyume chake, kwani vijana wake hawakuwapita wazee wao, na jambo hilo liliwashtua sana wenyewe.

Wengi hudhani kwamba yote haya ni suala la fedha, na siwalaumu, maana fedha hujenga madarasa na kulipa mishahara. Hata hivyo, mwaka 2012, katika mtihani wa PISA unaofanywa na vijana wa miaka 15, Vietnam ilipata wastani wa alama 511 katika hisabati, Uingereza 494 na Marekani 481, wakati pato la Mvietnamu wa kawaida lilikuwa sehemu ndogo tu ya pato la Mmarekani. Lazima niongeze kwamba vijana wengi wa Vietnam wa umri huo walikuwa tayari wameacha shule na hawakupimwa, kwa hiyo alama hizo zisichukuliwe kuwa picha ya vijana wote. Lakini hata ukilipunguza sifa jambo hilo, bado linabaki kubwa.

Mfano ulio karibu nasi ni wa mwaka 2007. Mtandao wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika, unaojulikana kama SACMEQ, uliwapima wanafunzi wa darasa la sita, kwa mizani ambayo wastani wake ulikuwa umewekwa kuwa alama 500. Tanzania Bara ilipata takribani alama 578 katika kusoma, ikawa miongoni mwa nchi za juu kabisa. Afrika Kusini, ambayo ni tajiri kuliko sisi mara nyingi, ilipata 495. Zambia na Malawi zilibaki karibu na 434. Yapo mengi ya kueleza hapo, lakini moja silioni likitajwa inavyostahili: watoto wetu walisoma na kujibu kwa Kiswahili, lugha waliyofundishwa nayo tangu darasa la kwanza na ambayo wengi wao walikuwa wakiisikia kabla ya kuanza shule. Mtoto wa Zambia au wa Malawi alijibu kwa Kiingereza, lugha ambayo mara nyingi huisikia darasani tu, tena kutoka kwa mwalimu ambaye naye haizungumzi nyumbani kwake.

Nisikufanye ujivune kupita kiasi, kwa sababu wale waliopimwa mwaka 2007 ni wale waliofika darasa la sita na waliokuwapo siku ya mtihani. Miaka michache baadaye Uwezo, mpango uliofuata njia iliyoanzishwa India ya kuwapima watoto majumbani mwao, ulituma watu wa kujitolea vijijini na mitaani na karatasi moja yenye silabi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Nimeiona kazi hiyo ikifanyika. Mtoto anakaa kwenye kigoda uani, kuku wanapita, mama amesimama mlangoni ameshika upawa, na kidole cha mtoto kinatembea chini ya mstari: *Ba-ba a-na-li-ma sha-mba*. Akifika mwisho anaulizwa ni nani aliyekuwa akilima, naye anamtazama mama yake. Katika matokeo ya mwaka 2010, ni watoto takribani 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kuisoma hadithi ile ya Kiswahili, na kwa waliokuwa darasa la saba, 1 kati ya 5 hakuiweza.

Ilikuwaje? Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Lilikuwa jambo jema, na mimi ni miongoni mwa walioshangilia. Lakini walimu na vitabu havikuongezeka kwa kasi hiyo, na hapa ndipo naona kiini cha swali lako. Nchi hazitofautiani sana kwa mambo zinayoyaandika kwenye mitaala. Zinatofautiana kwa dakika ambazo mtoto wa miaka saba hukaa akisoma kweli, mbele ya mtu anayemsikiliza na kumsahihisha. Benki ya Dunia ilipopima jambo hilo nchini mwetu mwaka 2010, iligundua kwamba mtoto wa shule ya msingi alikuwa akifundishwa kwa takribani saa 2 kati ya saa 5 zilizopangwa kwa siku. Walimu wengine hawakuwapo shuleni, na wengine walikuwapo shuleni ila hawakuwa darasani. Ukizipoteza saa 3 kila siku kwa miaka saba, huwezi kuzirudisha kwa masomo ya jioni ya darasa la saba. Huko Ufini, ambako watu wazima waliongoza katika matokeo ya 2024, watoto huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba, wala hawaharakishwi, lakini anayewafundisha hao wadogo lazima awe na shahada ya uzamili. Sisi kwa miaka mingi tuliwapeleka walimu wenye uzoefu mkubwa kwenye madarasa ya mitihani, na darasa la kwanza tukampa yeyote aliyebaki. Nasema haya kwa uchungu kwa kuwa nami niliwahi kupanga ratiba ya namna hiyo.

Yapo na mambo ya mwilini ambayo nayataja kwa ufupi. Mtoto aliyedumaa kabla ya kutimiza miaka miwili hufika shuleni akiwa tayari nyuma, na hapa Tanzania takribani watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Chumvi yenye madini joto, ambayo akina mama huinunua dukani bila kuifikiria, imechangia elimu kuliko wengi wanavyojua, maana upungufu wa madini hayo wakati wa ujauzito huudhoofisha ubongo wa mtoto.

Kuhusu Marekani yenyewe, elewa kwamba wastani wa nchi kubwa huficha nchi mbili ndani ya moja. Kule sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo ya eneo husika, kwa hiyo mtaa wenye nyumba za thamani huwa na shule zenye fedha, na mtaa wa watu wa kipato cha chini huwa na upungufu. Ongeza wahamiaji wazima waliopimwa kwa Kiingereza ambacho si lugha yao ya kwanza. Walioenda mwezini na walioshindwa kusoma maelezo ya dawa wanaweza kuwa wamezaliwa katika jiji moja.

Kutoka Kibosho

*Mwalimu, shikamoo. Bibi yangu alisoma kisomo cha watu wazima miaka ya sabini na cheti chake bado kimetundikwa ukutani. Wiki iliyopita alishindwa kusoma maelezo ya dawa yangu ya kikohozi, akasema herufi zimemkimbia. Je, mtu aliyekwisha kujua kusoma anaweza kusahau? Na kama anaweza, kisomo kile kilikuwa na faida gani?*

Marahaba, mjukuu wangu. Kabla ya lolote, mpeleke bibi akapimwe macho. Kuanzia miaka ya arobaini na kuendelea, jicho la mwanadamu hupoteza nguvu ya kuona vitu vya karibu, na maandishi ya chupa ya dawa ni madogo hata kwangu. Nimewahi kukutana na wazee waliohesabiwa kuwa hawajui kusoma, na dawa yao ilikuwa miwani ya kusomea tu.

Kama si macho, basi ndiyo, stadi hii husahaulika, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayozitofautisha nchi ambalo halizungumzwi. Katika matokeo yale ya Desemba 2024 niliyoyataja juu, ni Ufini na Denmark tu zilizoonyesha kupanda dhahiri katika kusoma kwa muda wa takribani miaka kumi, na nchi nyingi ama zilibaki pale pale ama zilishuka, ingawa watu wenye shahada ndani yake walikuwa wameongezeka. Mtu aliyesoma sana ujanani, kisha akapata kazi isiyomdai kusoma na akaishi katika nyumba isiyo na kitu cha kusoma, huteremka ngazi polepole.

Kuhusu faida ya kisomo, naomba nikusimulie, kwa kuwa nilikuwapo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata wilaya sita ziliwekwa mstari wa mbele ili ujinga wa kutojua kusoma ufutwe humo, Kilimanjaro ikiwa mojawapo. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imekuta kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawajui kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za Serikali zilisema waliobaki ni chini ya asilimia 10. Hata mtu akisema takwimu hizo zilipambwa kidogo, sioni namna ya kukanusha kwamba nchi maskini ilifanya katika miaka kumi na sita jambo ambalo nchi nyingi zilihitaji vizazi kadhaa kulifanya.

Mimi nilikuwa kijana niliyetoka chuoni na nilipewa darasa la akina mama chini ya mti, Old Moshi, saa tisa alasiri, baada ya kukata majani ya ng'ombe. Walishika chaki kama wanavyoshika mwiko, kwa kiganja kizima, na chaki zilivunjika mpaka nikaacha kuzihesabu. Kilichowafanya warudi kesho yake kilikuwa ni mzani. Wakati huo kahawa ilipimwa kwenye chama cha msingi na karani aliandika kilo kwenye stakabadhi ambayo mkulima hakuweza kuisoma. Mama mmoja, akiwa katika mwezi wake wa nne wa kisomo, alisimama mbele ya mzani, akatazama mshale, akatazama karatasi, akasema kwa sauti ya chini kwamba mshale unasema 47 na karatasi inasema 41. Karani akasahihisha. Wiki ile darasa langu liliongezeka kwa wanafunzi kumi na mmoja.

Kile kiliitwa kisomo chenye manufaa, yaani vitabu vyake vya kwanza vilihusu pamba, ndizi, uvuvi, na shughuli ambazo mtu alikuwa akizifanya kwa mikono yake. Mtihani wa kwanza wa taifa ulifanyika Agosti 1975, na matokeo yalipangwa kwa hatua: aliyefika hatua ya tatu alihesabiwa kuwa amejua kusoma na kuandika, na wa hatua ya nne alikuwa yule anayeweza kuutumia ujuzi huo katika maisha yake. Tazama cheti cha bibi, huenda hatua imeandikwa. Ili ujuzi usipotee, palianzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini, na redio iliendesha kampeni kama ile ya *Mtu ni Afya* ya mwaka 1973, ambayo takribani watu milioni 2 waliifuata katika vikundi, kitabu mkononi.

Kisha ikaja miaka ya themanini. Uchumi ukayumba, karatasi ikawa adimu, magazeti yale yakafifia, maktaba zikageuka stoo. Bibi yako hakushindwa yeye. Alibaki na stadi bila kitu cha kuitumia, kama jembe lililowekwa darini. Na habari njema ni kwamba aliyewahi kusoma hujifunza tena upesi kuliko anayeanza. Mtafutie kitabu cha nyimbo cha kanisani anachokijua kwa moyo, chenye maandishi makubwa, aanze na ubeti mmoja kila jioni. Maneno tayari anayo mdomoni, kwa hiyo macho yatakumbuka yakiwa yanafuata sauti.

Kutoka Longido

*Mwalimu, nafundisha darasa la kwanza na la pili katika shule shikizi. Kila matokeo yanapotoka tunaambiwa tuko nyuma ya Moshi na Arusha mjini. Je, ni haki kulinganisha hivi?*

Mwalimu mwenzangu, kulinganisha si kosa ikiwa anayelinganisha anauliza pia kila upande ulianzia wapi. Miteremko ya Kilimanjaro ilipata shule za misheni tangu miaka ya 1890, Wakatoliki wakiwa Kilema na Walutheri wa Leipzig wakiingia mwaka 1893. Baadaye kahawa ilileta fedha taslimu mikononi mwa wakulima wadogo, ambao mwaka 1925 walianzisha chama chao na mwaka 1933 wakawa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, na sehemu ya fedha hiyo ikalipa ada kwa vizazi vitatu. Mtoto wa Marangu leo anasomeshwa na mama aliyesoma, ambaye naye alisomeshwa na mama aliyesoma. Elimu ya mama ni miongoni mwa vitu vinavyotabiri kusoma kwa mtoto katika karibu kila nchi iliyochunguzwa, na ndiyo sababu tofauti kati ya wilaya mbili za nchi moja huweza kuzidi tofauti kati ya nchi mbili jirani.

Mwanafunzi wako ana mzigo mwingine. Niliwasifu watoto wetu waliopimwa kwa Kiswahili, lakini kwa mtoto wa boma Kiswahili nacho ni lugha ya pili. Anasikia silabi asizozijua maana na kutakiwa azisome siku hiyohiyo. Huhitaji ruhusa ya mtu yeyote ili kumweleza kwanza kwa Kimaasai jambo ambalo hadithi inalizungumzia, ukamwacha alizungumze, ndipo ukafungua kitabu. Marekebisho ya mwaka 2015, yaliyolitengea darasa la kwanza na la pili muda mwingi wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yanakupa nafasi hiyo, na nakusihi uitumie. Suala la mwendo mrefu na njaa ya asubuhi halimalizwi na mwalimu peke yake. Shule shikizi yako imekwisha kuufupisha mwendo, na wazazi wakikubaliana kuhusu uji, utaona mabadiliko kabla ya muhula kwisha.

Kutoka Sakina, Arusha

*Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la pili katika shule inayofundisha kwa Kiingereza. Anasoma kwa sauti nzuri mpaka majirani wanasikia, lakini nikimuuliza amesoma nini, hajui. Walimu wanatushauri tusizungumze naye Kiswahili nyumbani. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Ushauri wa kuacha Kiswahili nyumbani siukubali, na nitakueleza sababu zangu.

Kusoma kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza herufi kuwa sauti, na ya pili ni kupata maana kutoka kwenye sauti hiyo. Katika kazi ya kwanza Kiswahili ni zawadi kubwa, maana *a* ni *a* popote utakapoikuta, na mtoto akishika silabi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza hakiko hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma, na ukakuta kwamba watoto wa Ufini na Ugiriki walisoma sawasawa zaidi ya maneno 9 kati ya 10 yaliyozoeleka, ilhali watoto wa Uskoti, wanaosoma kwa Kiingereza, walisoma takribani theluthi moja. Watoto wa Uskoti hawakuwa wazito. Walikuwa wakipanda mlima mrefu zaidi. Usidhani, hata hivyo, kwamba tahajia rahisi inamaliza kila kitu, kwa kuwa Kihispania nacho huandikwa kama kinavyotamkwa, na tumeona juu mahali ambapo Chile ilikuwa.

Katika kazi ya pili mtoto hutumia maneno aliyonayo kichwani, na mwanao ana maelfu ya maneno ya Kiswahili na mamia machache ya Kiingereza. Ukimfungia Kiswahili, unamfungia ghala lake. Mtoto aliyejifunza kutafuta maana katika lugha anayoijua huhamisha tabia hiyo kwenye lugha ya pili, lakini aliyezoea kutamka bila kuelewa huhamisha tabia hiyo pia.

Hata katika hesabu Kiswahili kinamsaidia. Wachunguzi wamewahi kueleza kwamba watoto wa Uchina na Japani huelewa makumi na mamoja mapema kwa sababu moja kati ya kadhaa: kwao 11 husemwa *kumi moja* na 12 *kumi mbili*. Sikiliza lugha yako: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kiingereza kina majina ya pekee kwa 11 na 12 ambayo hayaonyeshi kumi ndani yake, na Mjerumani akisema 21 hutanguliza moja kabla ya ishirini. Kwetu tatizo linaanzia ishirini na thelathini, majina tuliyoyapata kutoka Kiarabu, ambayo hayaonyeshi mbili wala tatu. Hapo mwambie mwanao waziwazi kwamba ishirini ni makumi mawili na thelathini ni makumi matatu, na mfunge njiti kumikumi ayaone.

Unachoweza kufanya kuanzia wiki hii ni kumpa dakika kumi na tano za hadithi ya Kiswahili kila jioni, yeye akisoma na wewe ukiuliza kwa nini mtu fulani alifanya alivyofanya. Ukienda naye soko la Kilombero, mpe yeye noti ya 5,000. Mafungu manne ya nyanya kwa 500 kila moja: mwache aseme bei na chenji kabla muuzaji hajasema, na akikosea usimsahihishe upesi, muulize amefikaje hapo. Kisha, mara moja kwa wiki, mwambie asome aya moja ya kitabu chake cha Kiingereza, afunge kitabu, akusimulie kwa Kiswahili. Akisimulia, endelea. Asiposimulia kwa majuma matatu mfululizo, chukua kitabu hicho hicho uende nacho kwa mwalimu wake wa darasa, umwombe amsikilize mtoto mbele yako, na umuulize atamfundishaje maana ya maneno yale.